Mtoto wa Nkombo na Njia ya Chuo

Mwezi huu tunatazama masomo upande wa Nkombo, kile kisiwa cha Rusizi ndani ya ziwa Kivu, karibu kabisa na Kongo.

Mtoto wa Nkombo nyumbani anaongea Kimashi. Akifika shule anakuta Kinyarwanda, halafu Kiingereza, ambacho serikali iliamua mwaka 2008 kiwe lugha ya kufundishia. Lugha tatu, na sekondari bado! Tena sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Kijana akikesha ziwani, asubuhi anasinzia darasani. Wengine ndiyo mwanzo wa kuacha shule.

Mwaka 2009 Rwanda ilianza miaka 9 ya masomo bila karo, na mwaka 2012 ikafika 12. Sawa, lakini baada ya S6 je?

Huko Marekani zimeenea tangu 2002 sekondari ambazo mwanafunzi anasoma masomo ya chuo akiwa bado sekondari. Anaweza kumaliza akiwa amekwisha kupata hata miaka miwili ya chuo. Familia zinazohamia huko ziulizie mapema. Hapa Rwanda, Kepler ilifungua masomo ya digrii ya Southern New Hampshire University ndani ya kambi ya Kiziba mwaka 2015. Masomo yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza na kompyuta.

Basi mama, baba, tusingoje S6. Usiku mtoto alale, asiende kuvua. Jioni akusomee ukurasa mmoja kwa sauti, hata kama wewe husomi. Wewe sikiliza tu.