Pua Iliyopinda: Lipi ni Tiba, Lipi ni Pambo?

Mtoto hajatimiza arubaini, na jamaa wamekwisha kukubaliana kama pua yake ni ya kwa baba au ya kwa mama. Kwa wengi mzaha huo hupita. Lakini yuko kijana aliyeanguka uwanjani, pua ikaenda upande, na hadi leo hapumui vyema. Yuko binti mwenye kigongo juu ya pua, ambaye huvuta mtandio hadi machoni si kwa sitara bali kwa kukimbia maneno ya wenzake. Na yuko mama ambaye pua yake haina kasoro yoyote, lakini ameona picha kwenye simu na sasa anauliza bei ya sindano. Wote watatu wana suali moja: je, pua yaweza kunyooshwa? Jawabu zao si moja, kwa daktari wala kwa sharia.

Pua ilivyoumbwa

Kiasi cha thuluthi ya juu ya pua ni mfupa. Sehemu iliyobaki ni gegedu, kitu kigumu kinachopindika kama cha sikio. Ndani mna kiambaza kinachotenga tundu mbili. Kwa watu wengi kiambaza hiki hakikunyooka barabara, na huishi nacho bila ya taabu. Kikipinda sana, upande mmoja huziba, mtu akapumua kwa kinywa, akakoroma usiku, au akatokwa na damu puani mara kwa mara.

Kigongo juu ya mwamba wa pua huwa ni mfupa na gegedu vilivyozidi. Mara nyingi ni urithi, na hujitokeza wakati wa kubaleghe. Kupinda kwaweza kuwa kwa maumbile, au kwa pigo ambalo pengine lilipatikana utotoni na kusahauliwa.

Hapa tuseme neno juu ya ada ya kukanda pua za watoto wachanga kwa mafuta ili zichongoke. Kupapasa kwa upole hakudhuru, lakini hakubadilishi umbo. Kubana kwa nguvu kwaweza kuumiza. Pua iliyobanwa wakati wa uzazi kwa kawaida hurudi yenyewe baada ya siku chache. Lakini mtoto mchanga hutegemea zaidi pua kuvuta pumzi, kwa hivyo akionekana anahangaika kupumua, hasa anaponyonya, apelekwe hospitali bila ya kungoja.

Pua ikivunjika, siku huhesabiwa

Pua nyingi zilizopinda zingeweza kunyooshwa kwa urahisi lau zingeonwa mapema. Mtoto akiangukia uso, mketishe, ainamishe kichwa mbele ili asimeze damu, na umwekee barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Kisha mwangalie ndani ya pua. Ukiona uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, umeziba tundu moja au zote mbili, huenda damu imekusanyika kwenye kiambaza. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo: damu hiyo huzuia gegedu kupata chakula chake, na katika siku chache gegedu hufa na mwamba wa pua ukadidimia. Vile vile maji meupe kama ya kisima yakitiririka puani baada ya pigo la kichwa, kimbilieni hospitali.

Ikiwa hakuna dharura, daktari hungoja siku chache uvimbe upungue, kisha huurudisha mfupa mahali pake kwa mkono au kwa chombo, bila ya kupasua. Kwa mtu mzima hufaa jambo hili litendeke ndani ya wiki mbili. Kwa mtoto, ambaye mifupa yake hushika upesi, ni ndani ya wiki moja hivi. Muda huo ukipita, mfupa hushika vile ulivyopinda, na njia inayobaki ni upasuaji kamili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia za tiba

Dawa za kupuliza na kuosha pua kwa maji ya chumvi hupunguza uvimbe na mzio. Hazinyooshi kitu, lakini mara nyingine humwezesha mtu kupumua vyema hata asihitaji kisu. Vibanio vinavyouzwa kwa ahadi ya kunyoosha pua havibadilishi mfupa wa mtu mzima.

Upasuaji wa kiambaza hufanywa kwa ndani, na umbo la nje kwa kawaida halibadiliki. Shabaha yake ni pumzi.

Upasuaji wa umbo ndio unaoondoa kigongo na kunyoosha pua kwa nje. Daktari huingia kupitia tundu za pua, au hukata mkato mdogo kwenye nguzo iliyo kati ya tundu hizo. Kigongo husagwa kwa tupa au hukatwa kwa patasi ndogo, mifupa hukatwa na kusogezwa, na panapopungua huongezwa gegedu la mgonjwa mwenyewe, kutoka kwenye kiambaza, sikio au ubavu. Kwa kawaida hufanywa kwa nusu kaputi. Bamba la kushikilia pua hukaa kiasi cha wiki moja, weusi wa chini ya macho huondoka kwa wiki mbili hivi, lakini uvimbe wote huweza kuchukua mwaka mzima kumalizika. Hatari zake ni kutokwa na damu, kuingia vijidudu, kiambaza kutoboka, kupumua kwa shida kuliko mwanzo, au matokeo yasiyoridhisha yanayohitaji kupasuliwa tena. Kwa ajili ya umbo peke yake, hungojwa uso ukomae: wasichana kiasi cha miaka 15 au 16, wavulana 17 au 18.

Sindano za kujaza, nyingi zikiwa za asidi ya hyaluroni, haziondoi kigongo. Hujaza pembezoni mwake ili kisionekane, na athari yake huisha baada ya miezi kadhaa. Wengi huziona kuwa jambo jepesi, ilhali dawa hiyo ikiingia kwenye mshipa wa damu yaweza kuua ngozi ya pua au kupofua jicho. Si kazi ya saluni.

Sharia yasemaje?

Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani katika zama za Jahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na wanavyuoni wameifanya hoja ya kurekebisha kilichoharibika. Kwa upande wa pili, Hadithi ya Ibn Mas'ud imewalaani wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha umbo la Mwenyezi Mungu.

Mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Putrajaya, Malaysia, liliruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa na za ajali, na likataja kwa jina pua iliyopinda sana, ikiwa ina madhara ya mwili au ya nafsi yaliyo makubwa. Upasuaji wa kujipamba tu, wa kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio, lililikataza. Kwa hivyo kijana wetu ana njia iliyo wazi. Binti apimwe na daktari, na wazazi wamuulize sheikh wanayemwamini kuhusu uzito wa madhara yake. Mama mwenye pua nzima afunge pochi yake.

Kabla ya kutia sahihi

Anzeni kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hakikisheni amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Muulizeni amekwisha kupasua pua ngapi, na gharama yote ni kiasi gani, pamoja na ya kurudia. Mwanamke ana haki ya kuuliza kama yupo daktari wa kike, na ya kuwa na mahram wake. Picha zinazopigwa kabla na baada ya upasuaji aandikiwe kwamba hazitaonyeshwa mtu.

Ibada nayo ipangiwe. Kuinama huweza kuleta damu, basi muulizeni daktari lini kusujudu kutakuwa salama. Kabla ya hapo mgonjwa huswali kwa kuashiria. Kupandisha maji puani katika udhu ni sunna kwa madhehebu ya Shafi, na kuliacha kwa udhuru hakuna neno. Kuhusu bamba lililofunika uso, aulizwe sheikh. Na kwa kuwa dawa ya puani hufunguza kwa madhehebu hayo, ni vyema upasuaji usio wa haraka uwe mbali na Ramadhani.

Limebaki moja lisilohitaji daktari. Sura ya Hujurat imewakataza wanaume kuwadharau wanaume, na wanawake kuwadharau wanawake. Binti anayeficha uso wake mara nyingi jina la kejeli alilisikia kwanza nyumbani. Tuanze kulifuta huko.

Wallahu aalam.