Kabla ya theluji, jifunze upepo: jinsi ya kuanza mchezo wa tiara na ski

KISANGANI, Tshopo – Kwenye maporomoko ya Wagenia, wavuvi husimika nguzo za miti katika mashimo ya miamba na kuzifunga migono mikubwa inayotega samaki kwenye maji yanayokwenda kasi. Kazi hiyo haifanywi kwa nguvu za mikono peke yake. Mvuvi lazima ajue mahali mkondo unapopiga kwa hasira na mahali unapotulia, la sivyo mto humchukua.

Ujuzi wa namna hiyo ndio msingi wa mchezo mmoja usio na kiwanja hata kimoja mjini Kisangani. Mchezaji huvutwa na tiara kubwa juu ya theluji, akiwa amefunga ski miguuni, yaani vile vibao virefu vya kutelezea, au akiwa amesimama juu ya ubao mmoja mpana.

Kisangani uko chini ya nyuzi 1 kaskazini ya ikweta, katikati ya msitu. Theluji haianguki, na siku nyingi upepo ni hafifu. Unaovuma kwa nguvu ni ule wa ghafla unaotangulia mvua kubwa, na huo ndio upepo ambao mchezaji wa tiara hukimbia. Hata hivyo, Wakongomani wengi sasa wanaishi Kanada, Norway na nchi nyingine za baridi, ambako mchezo huu huonekana kila msimu kwenye maziwa yaliyoganda na nyanda za juu. Uwanda wa Hardangervidda nchini Norway ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana zaidi kwa mchezo huo.

Kosa la kwanza la anayeanza ni kudhani kwamba kazi ngumu ni kuteleza. Nguvu yote iko angani. Tiara ikikaa mbele ya mchezaji, moja kwa moja upande ambako upepo unaelekea, huvuta kwa nguvu kubwa kabisa. Ikipandishwa juu ya kichwa au kupelekwa pembeni kabisa, kushoto au kulia, mvuto hupungua. Ni kama mto: katikati pana nguvu, kandokando pana utulivu. Asiyejua kuitoa tiara katikati na kuirudisha pembeni anaweza kuburutwa makumi ya mita kabla hajapata la kufanya.

Kwa sababu hiyo, walimu wengi humwanzisha mwanafunzi kwenye nchi kavu, bila ski wala ubao. Hupewa tiara ndogo ya mazoezi, ya mita mbili au tatu za mraba, akairusha kwenye uwanja wazi hadi aweze kuiongoza bila kuitazama. Zoezi hilo linawezekana popote penye nafasi na upepo wa wastani usiobadilikabadilika, mbali na miti, majengo, barabara na nyaya za umeme. Nyaya ni hatari kubwa, kwani kamba za tiara kamili hufikia mita 20 na zaidi.

Kisha huja vifaa. Mkanda mpana wa kiunoni hupokea mvuto ili mikono isichoke. Mpini wa kuongozea una kifungulio cha dharura, ambacho kikivutwa huifanya tiara ipoteze nguvu papo hapo. Mwanafunzi hutakiwa kukizoea hadi mkono ukifikie wenyewe, hata ndani ya glavu nene. Kofia ngumu ni ya lazima, maana theluji iliyoganda na barafu ni ngumu kama saruji.

Kati ya ski na ubao, ski huwa rahisi zaidi kwa anayeanza. Miguu miwili iko huru, na mtu anaweza kusimama, kugeuka au kutembea tiara ikiwa imetulia. Kwenye ubao miguu yote imefungwa pamoja, na kuanguka huwa kwingi siku za mwanzo. Pia, kwa kuwa theluji ina msuguano mdogo kuliko maji, tiara inayohitajika ni ndogo kuliko ya baharini kwa upepo uleule. Aliyezoea bahari akisahau jambo hilo hujikuta anakwenda kasi asiyoitaka.

Kwenye ziwa lililoganda, swali la kwanza ni unene wa barafu. Mashauri ya kawaida ni angalau sentimita 10 za barafu safi na ngumu kwa mtu mmoja, na pale penye shaka ni kutokanyaga. Kwenda peke yako hakushauriwi kamwe.

Kwa anayetaka kuanzia karibu na nyumbani, mahali pa kujifunzia tiara ni pwani ya Afrika Mashariki. Paje, Zanzibar, na Diani, Kenya, zina shule za tiara za majini zinazofuata misimu ya upepo: kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia mwishoni mwa mwaka. Anayejua kuongoza tiara Paje atakuwa amebakiza kujifunza kuteleza.

Na kuteleza kunaweza kuanza ukubwani. Mwanariadha Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji kabla ya kujifunza ski nchini Finland. Miaka michache baadaye, mnamo 1998, alishindana katika kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit alirudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Kongo nayo ina theluji yake, kwenye Ruwenzori, mpakani na Uganda, ambako kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Lakini si mahali pa kurusha tiara: barafu yake ina nyufa na miteremko mikali. Isitoshe, inakwisha. Mwaka 1906 ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba.

Kwa hiyo kijana wa Tshopo atakayekanyaga theluji yenye nafasi ya mchezo huu, kwa uwezekano mkubwa ataikuta ugenini. Akifika huko atafute mwalimu kwanza, na siku ya kwanza aache ski nyumbani, abebe tiara ndogo tu.