Sigara za kielektroniki: Kilicho salama tumboni huenda kikadhuru mapafu

CHUPA nyingi za kiowevu cha sigara za kielektroniki huwa na herufi PG na VG, zikiandamana na tarakimu kama 50/50 au 30/70. Wanunuzi wengi hutazama tu ladha na kiwango cha nikotini, ilhali herufi hizo ndizo zinazotaja vitu vinavyojaza sehemu kubwa ya chupa.

PG ni propilini glaikoli, ambayo aghalabu hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. VG ni gliserini itokanayo na mafuta ya mimea kama vile mawese. Kazi yake ni moja: kubeba nikotini na ladha, kisha kugeuka mvuke waya ulio ndani ya kifaa unapopata moto. Tabia za viowevu hivyo, hata hivyo, hazifanani.

Propilini glaikoli ni nyepesi na hupenya upesi katika utambi wa pamba. Huhifadhi ladha vyema na huwasha koo kwa namna inayomkumbusha mvutaji sigara ya kawaida. Lakini wapo ambao huwakereketa koo na kuwakausha kinywa.

Gliserini ina utamu kidogo, haiwashi koo sana na hutoa wingu kubwa la mvuke. Kasoro yake ni uzito, kwani unato wake unazidi ule wa mwenzake kwa zaidi ya mara 20. Katika kifaa kidogo, utambi hushindwa kuinyonya kwa kasi inayotakikana, ukakauka na kuanza kuungua.

Hapo ndipo hatari huongezeka. Gliserini ikipata joto la kupindukia huvunjika na kutoa akrolini, kemikali kali inayodhuru njia za hewa na ambayo pia imo katika moshi wa sigara ya kawaida. Viowevu vyote viwili vikiungua huweza kutoa fomaldehidi, ambayo husababisha saratani.

Hoja ya wauzaji

Wauzaji hudai kuwa viowevu hivi havina madhara kwa sababu hutumiwa katika vyakula. Ni kweli kwamba gliserini hutiwa katika keki na kupakwa kwenye ngozi, nayo propilini glaikoli imo katika dawa na vipodozi vingi. Hata hivyo, kukubaliwa katika chakula kulizingatia kumeza, wala si kuvuta. Chakula hupitia tumboni na kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Mvuke hufika moja kwa moja katika vifuko laini vya hewa, tena mara nyingi kila siku.

Tofauti hiyo ilidhihirika Marekani mwaka wa 2019, vijana wengi walipolazwa hospitalini wakiwa na maradhi ya mapafu. Kufikia Februari 2020, visa 2,807 vilikuwa vimeripotiwa, vikiwemo vifo 68. Uchunguzi ulipata asetati ya vitamini E katika mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51 waliopimwa. Kemikali hiyo, ambayo watu huimeza kama kirutubisho na kuipaka ngozini, ilikuwa imetumiwa kuongeza uzito wa viowevu vya bangi. Wengi wa waathiriwa walikuwa wamevuta bangi ya aina hiyo.

Usafi wa viowevu ni suala jingine. Propilini glaikoli na gliserini za viwango duni huweza kuchanganyika na daithilini glaikoli, sumu inayoharibu figo. Mnamo 2009, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliipata sumu hiyo katika sampuli ya sigara ya kielektroniki. Mwaka wa 2022, ilihusishwa na vifo vya makumi ya watoto nchini Gambia waliopewa dawa za maji zilizochafuliwa.

Kwa hivyo, hakuna kati ya viowevu hivi kinachostahili kuitwa salama kwa mapafu. Mvutaji anayetumia kifaa hiki ili kuachana na sigara anafaa kuepuka chupa zisizotaja vilivyomo, asiongeze mafuta ya aina yoyote, na aache kuvuta mara anapoonja ladha ya kuungua. Kwa asiyevuta, hana sababu ya kuanza: nikotini hutia uraibu, iwe imebebwa na PG au VG.