Chupa Moja, Watu Kumi

Chupa ya chanjo ya korona ya AstraZeneca ilikuwa ndogo, ilifichika kiganjani, lakini ndani yake mlikuwa na dozi kumi. Ikishadungwa kwa mara ya kwanza, ilikuwa na saa sita tu. Zikipita, kilichobaki kilimwagwa. Mwaka 2021, wakati wa korona, wauguzi wengi wa zahanati ndogo walikabiliana na hesabu hiyo kila asubuhi. Watu watatu wamefika, wa nne amesema atapita jioni akitoka shambani. Chupa ifunguliwe, au hao watatu waambiwe warudi kesho? Na wakiambiwa warudi kesho, nani atawalipia nauli?

Kiwandani mambo ni tofauti. Watu kumi wako pale pale, wamevaa aproni, na saa yao ya kutoka inajulikana. Kwangu mimi, hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kupeleka chanjo mahali pa kazi: chupa haimwagwi, na mtu hapotezi nauli.

Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza, dozi zaidi ya milioni 1 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, mwanzoni mwa Machi 2021. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, kisha wakaongezwa walimu, polisi na wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Aprili serikali ikasimamisha uagizaji wa chanjo unaofanywa na watu binafsi, hivyo hata kampuni yenye fedha haikuweza kujinunulia. Kilichobaki mikononi mwa mwajiri kilikuwa kuandaa mahali, watu na muda, na hapo ndipo zoezi hufaulu au huharibika.

Tuanze na baridi. Chanjo hii ilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kila mtu aliogopa joto, wachache walikumbuka kwamba kuganda nako kuliiharibu. Pakiti ya barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza ikiwekwa kando ya chupa inaweza kuigandisha njiani. Kwa hiyo muuguzi mzoefu huipanga pakiti hiyo mezani kwanza, husubiri, kisha huitikisa karibu na sikio. Akisikia maji yakicheza ndani, ndipo anaiweka kwenye kasha. Friji ya kantini, inayofunguliwa kila dakika kutolewa soda na maziwa, haifai kabisa.

Halafu kuna hesabu ya watu. Tuseme waliojitokeza ni 23. Chupa mbili zinatosha 20, na watatu wamebaki. Ili chupa ya tatu isimwagwe, msimamizi mzuri anakuwa na orodha ya akiba tangu jana yake, na majina ya kwanza humo yawe ya wale wanaosahaulika: mlinzi wa getini, mama anayepika chai, mfagizi aliyeajiriwa na kampuni nyingine. Hawamo kwenye daftari la mishahara la kiwanda, lakini hewa wanayovuta ni ile ile.

Baada ya sindano, mtu anaketi dakika 15 chini ya macho ya muuguzi, na dawa ya adrenalini iko karibu, kwa sababu mzio mkali, ingawa ni nadra, mara nyingi huanza upesi. Viti hivyo viwe kivulini. Nasisitiza kwa sababu mtu aliyesimamishwa juani, hajanywa chai tangu alfajiri, anaweza kuzirai, na uvumi utazunguka kiwanda kizima kabla hajainuka.

Kazi ngumu zaidi ni ya kesho yake. Chanjo ya AstraZeneca ilibeba maelekezo ya protini ya kirusi cha korona ndani ya kirusi cha mafua ya sokwe kilichobadilishwa kisiweze kuzaliana. Mwili uliitengeneza protini hiyo, ukaiona ni ngeni, na ukaamka kupambana nayo. Kwa wengi mpambano huo ulikuja na homa, kichwa kuuma na viungo kulegea kwa siku moja au mbili. Ukichanja idara nzima Jumatatu, Jumanne mashine zitalala. Ndiyo maana chanjo hugawanywa kwa zamu, wachache kutoka kila idara.

Na kibarua anayelipwa kwa siku? Agosti 2021 watumishi wa umma Kenya waliambiwa wawe wamechanjwa kufikia tarehe 23, la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu. Amri inaweza kumfikisha mtu mezani, lakini haimlishi mwanawe siku anayoshinda kitandani. Wengi walioitwa wakaidi walikuwa wakipiga hesabu ya unga. Tangazo moja ubaoni, kwamba atakayeamka na homa abaki nyumbani na siku yake italipwa, lina nguvu kuliko mabango yote ya korona.

Tatizo jingine la kibarua ni dozi ya pili, iliyokuja wiki 8 hadi 12 baadaye. Tanzania, iliyopokea zaidi ya dozi milioni 1 za Johnson & Johnson Julai 2021, iliepuka hilo, maana chanjo hiyo ilitolewa mara moja tu. Ila penye dozi mbili, mkataba unaweza kwisha kabla ya tarehe kufika. Hivyo daftari la waliochanjwa likae na muuguzi, bosi asilipekue, na nambari ya simu inayoandikwa humo iwe ya mfanyakazi mwenyewe, siyo ya ofisi atakayokuwa ameshaiaga.