Siku Sita Katika Nchi ya Mamba na Mabwawa

Wapo watakaotuuliza: watu wazima wenye wajukuu walikwenda kutafuta nini katika mabwawa ya kaskazini ya Australia? Jibu letu ni jepesi. Kijana wetu anafanya kazi mjini Darwin. Tulikwenda kumwona, naye akatukabidhi gari lake kwa siku sita, madumu mawili ya maji ya kunywa, na sharti moja: tusisogelee ukingo wa maji yoyote, hata yakiwa ya kufika kifundoni.

Sharti hilo tulilipokea kwa heshima na kulicheka kimoyomoyo. Sisi ni watu wa Utete. Tumekulia kando ya Rufiji, na mamba si hadithi kwetu.

Ilikuwa Septemba. Wabininj, wenyeji wa asili wa Kakadu, huugawa mwaka katika majira sita, na wakati huo huuita Gurrung: joto kali, ardhi iliyopasuka, na maji yaliyobaki mahali pachache tu. Yalipo maji ndipo ndege wote hukusanyika, na ndiyo sababu kijana alituchagulia mwezi huo.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Fogg Dam, yapata kilomita 70 kutoka Darwin. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1956 ili kumwagilia mashamba makubwa ya mpunga. Mradi haukudumu. Miongoni mwa yaliyoushinda ni bata bukini wa nchi hiyo, weusi kwa weupe, ambao walishuka mashambani kwa maelfu kama watu walioalikwa karamu. Mkulima wa kwetu aliyewahi kukesha akifukuza kwelea hahitaji maelezo zaidi. Wakulima waliondoka, bwawa likabaki, na leo warithi wake ni ndege. Tulivuka juu ya ukuta wake tukiwa ndani ya gari, kwani kutembea hapo kwa miguu kumekatazwa kwa ajili ya mamba.

Kutoka hapo barabara huelekea mashariki, imenyooka, ikipita kati ya vichuguu virefu kuliko mtu, hadi uwanda wa mto Mary. Huko tuliiona kazi ya mgeni mwingine. Nyati wa Asia waliletwa pwani ya kaskazini na Waingereza katika miaka ya 1820, wakatoroka na kuzaana pasipo hesabu. Kwa kupita na kuogelea walichimba mikondo iliyobomoa kingo za asili zilizotenganisha maji baridi na maji ya bahari. Chumvi ikaingia, na misitu ya miti yenye gome jeupe libandukalo kama karatasi ikakauka ikiwa wima. Wengi wa nyati hao waliondolewa katika miaka ya 1980 na 1990, na sehemu nyingi za mabwawa zikapata uhai tena. Lakini bahari inapanda, na chumvi haihitaji tena nyati wa kuifungulia njia.

Chura wa miwa naye aliletwa jimbo la Queensland mwaka 1935 ili ale wadudu wa mashamba ya miwa. Wadudu hakuwamaliza. Alisafiri, akafika Kakadu mwaka 2001, na kwa sumu ya ngozi yake akaua kenge wengi, pamoja na kuoli, mnyama mdogo mwenye madoa kama paka wa kanzu iliyorushiwa chokaa. Katika siku sita hatukumwona kuoli hata mmoja. Vyura tuliwaona kila usiku, chini ya kila taa.

Siku ya tatu, adhuhuri, tuliegesha gari kando ya bwawa lenye yungiyungi. Dumu moja lilikuwa tupu na la pili limefika nusu. Mmoja wetu akashika kopo, akasema atachota maji ya kutawadhia bwawani ili ya kunywa yasiishe. Maji yalikuwa yametulia, mafupi, yanaonyesha majani hadi chini.

"Baba Nasra, mtoto alisema nini?"

"Mama Nasra, hapa hata kambare hawezi kujificha."

Tulibishana, hatuna haja ya kuficha, tena kwa sauti ambayo wajukuu hawajapata kuisikia. Hapo gogo lililokuwa upande wa pili likazama. Halikutikisa maji hata kidogo. Kopo likawekwa chini. Adhuhuri ile tulitayamamu kwa udongo, nasi mbele yetu tuna maji ya kuwanywesha tembo mia, kwa sababu sheria yetu humruhusu anayechelea nafsi yake.

Mamba hao wa maji chumvi walikuwa karibu kutoweka walipoanza kulindwa katika jimbo hilo mwaka 1971. Leo wanakadiriwa kuzidi 100,000. Dume hupita mita tano.

Alfajiri ya pili yake tuliwatazama kwa utulivu zaidi, tukiwa ndani ya mashua pale Yellow Water. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Korongo mwenye shingo nyeusi alisimama kama imamu peke yake, na ndege mdogo mwenye vidole virefu alitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Kwa ndege huyo, baba ndiye aleaye makinda, na ikibidi huwabeba chini ya mbawa zake. Mama Nasra aliomba maelezo hayo yarudiwe.

Njia yetu iliishia Cahills Crossing, kivuko cha zege ambacho maji hukifunika kwa kujaa na kupwa. Mamba hujipanga hapo wakingoja mkizi wanaopandishwa na maji. Tulihesabu mamba kumi na wawili, tukaacha. Watu wamepoteza maisha kwenye kivuko hicho. Ng'ambo yake ni Arnhem Land, ardhi ya wenyeji isiyoingiwa bila kibali. Hatukuwa nacho, na safari hii hapakuwa na ubishi.

Jioni tulipanda mwamba wa Ubirr, wenye picha za kale za samaki zilizochorwa hadi mifupa ya ndani, tukaitazama Arnhem Land ikigeuka rangi. Pwani ya upande ule walifika kwa karne kadhaa mabaharia Waislamu wa Makassar, kutoka Sulawesi, kutafuta majongoo bahari ya kuuza China. Mchoro mmoja wa chombo chao huko umethibitishwa kuwa ni wa kabla ya mwaka 1664. Walikuja na upepo wa Desemba na kurejea na ule wa Aprili, kama majahazi yetu yalivyongoja kaskazi na kusi, hadi serikali ilipowafungia mlango na chombo cha mwisho kuondoka mwaka 1907. Wenyeji bado huita fedha rrupiya, na pale mabaharia walipopiga kambi imebaki mikwaju. Tulikaa juu ya mwamba hadi giza, tukizungumza habari za mikwaju ya Utete.

Siku ya sita tulilirudisha gari, vumbi jekundu limefika kwenye vioo. Kijana akauliza kama tulilishika sharti.

"Tulilishika," akajibu Baba Nasra, akimtazama mkewe.

Mama Nasra alikuwa akitoa madumu.