Kiti cha baiskeli kimepasuka? Usikifunge kwa waya

Ndugu mfanyakazi, saa ya kutoka kazini tazama baiskeli zinazopita mlangoni. Ngapi zina kiti kilichofungwa kwa waya ao kufunikwa kwa gunia? Na chako kiko namna gani?

Wengi wanachunga breki, kiti wanakisahau. Lakini kiti cha ngozi kikilegea, unashuka mpaka kwenye chuma. Chuma kinabana mishipa iliyo katikati ya mapaja, sehemu zile zinakufa ganzi. Tena vidonda na majipu vinafuata. Baya zaidi ni ngozi kung'oka pale mbele: pua ya kiti inageuka ghafula, unayumba barabarani, na nyuma yako kuna kamyo. Waya hausaidii. Unachana suruali, kisha unakukata.

Kama ngozi imelegea tu, tafuta bulo chini ya pua ya kiti. Viti vingi vya ngozi vinayo. Ikaze kwa ufunguo robo ya mzunguko, kaa, jaribu. Usikaze sana kwa mara moja, ngozi itachanika penye riveti. Kama bulo imefika mwisho, toboa matundu madogo kwenye pande mbili za ngozi zinazoning'inia, upitishe kamba ya ngozi kwa chini, uvute kama unavyofunga kiatu. Pande zinaingia ndani, na katikati panapanda tena. Fundi viatu anaijua kazi hii.

Tundu la riveti likichanika, weka chini yake kipande cha ngozi nene, kisha piga riveti mpya yenye kichwa kipana. Riveti ya shaba ni nzuri: ni laini kwa nyundo, haipati kutu. (Inunue sokoni. Usiseme shaba ni yetu, ukaiokote kiwandani!)

Lakini kama chuma cha chini kimevunjika, usikipeleke kuungwa kwa moto. Ni chuma cha springi. Kikipata moto kinapoteza nguvu, kitavunjika tena karibu na pale pale. Tafuta kingine.

Nyinyi mama na watoto, mvua ikianza, funikeni kiti kwa mfuko wa plastiki. Ngozi iliyolowa ikikaliwa inavutika. Ikaukie kivulini, si juani wala karibu na mbabula. Mafuta ya ng'ombe kidogo, upande wa chini, yanatosha. Mafuta ya mashini hapana: yanaharibu ngozi na kuchafua nguo.

Kama chuma chenye kutu kimekukata, osha kidonda kwa maji na sabuni, uende dispansere siku ile ile, waangalie kama unahitaji sindano ya pepopunda. Usingoje kidonda kivimbe.

Na kila asubuhi, mbele ya kupanda, shika pua ya kiti kwa mkono, ujaribu kuigeuza. Ikigeuka, kaza kwanza.