Ndeke, kerozeni na mafuta ya kikaango

Sisi wa Kinsevere tukisafiri mbali tunapandia ndeke Luano, Lubumbashi. Katanga haina bahari, kwa hiyo kerozeni lazima itoke mbali. Lakini kuna kerozeni nyingine, inayotengenezwa kwa mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika, au kwa mbegu kama mbarika. Kiwandani mafuta hayo yanachanganywa na haidrojeni ili oksijeni itoke. Kinachobaki kinachanganywa na kerozeni ya kawaida, mwisho nusu kwa nusu. Injini haibadilishwi, matanki ya uwanja ni yale yale, na hewa chafu, ukihesabu tangu mwanzo, inaweza kupungua hadi 80%.

Si hadithi ya Ulaya tu. Mei 2023 Kenya Airways ilirusha Boeing 787 kutoka Nairobi hadi Amsterdam na mchanganyiko huo, kutoka kampuni ya Eni, ambayo inakamua mbegu Makueni na kusafisha mafuta Italia.

Shida ni bei: mara mbili hadi tano ya kerozeni. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka sheria, 2% mwaka 2025, 6% mwaka 2030. Bila sheria, nani atanunua?

Kwetu, mimi naona tuanze na mafuta ya kantini za migodi na hoteli. Kupanda mbarika kwenye shamba la mahindi, hapana! Unga wa bukari tunautegemea Zambia, na mpaka wa Kasumbalesa ukifungwa tunajua bei inavyoruka. Wakemia wa UNILU, mnaweza kupima maji na asidi katika mafuta hayo sasa hivi, hata kwa kidumu kimoja.